Kusomea ualimu huku umeshika chaki

Katika ofisi ya walimu ya karibu kila shule ya Dodoma, chini ya rundo la madaftari yanayosubiri kusahihishwa, kuna moduli ya mtu, kitabu cha kujisomea kozi ya chuo. Huyu ana cheti cha Daraja la IIIA na anatafuta stashahada. Yule ana stashahada na anatafuta shahada. Na kule kwenye shule ya binafsi ya mjini yupo mwenye shahada ya Kemia ambaye hajasomea ualimu hata siku moja, ila ratiba imempa vipindi 26 kwa wiki na wanafunzi wanamwita mwalimu kama wengine. Wote watatu wanasema wanasoma huku wanafanya kazi, na kila mmoja anapita mlango wake. Wanaokwama, wengi wao mitihani walifaulu vizuri tu. Walikwama kwenye barua waliyoiruka mwanzoni, au kwenye kudhani kwamba kusimama darasani kila siku tayari ni mafunzo.

Tuanze na barua, maana ndiyo inayoumiza zaidi na ndiyo rahisi zaidi.

Kama umeajiriwa na serikali, ruhusa ya masomo inatangulia usajili wa chuo. Hata kama utasoma kwa masafa na hutakosa kipindi hata kimoja, omba. Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inapita kwa Mkuu wa Shule na kwa Afisa Elimu, na inaambatana na barua ya udahili pamoja na nakala ya barua yako ya kuthibitishwa kazini. Ambaye bado yuko kwenye miezi 12 ya majaribio asubiri athibitishwe kwanza. Ukifika masijala, toa nakala mbili: moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Uliza pia kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri wa mwaka huo, kwa sababu mkurugenzi hawezi kuruhusu walimu watano wa Hisabati wa kata moja kwa mpigo, na mpango huo ndio unaoamua nani anatangulia.

Sababu ya usumbufu wote huu inaonekana miaka kadhaa baadaye. Ukimaliza utaomba kubadilishiwa muundo: mwenye cheti huanzia TGTS B (TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu wa serikali), mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Mezani kwa afisa utumishi swali la kwanza ni ruhusa iko wapi. Mwalimu aliyesoma kimyakimya, akatoa ada yake mfukoni na kufaulu vizuri, anabaki na cheti kizuri ukutani na mshahara uleule. Si haki sana, naona, lakini ndivyo faili linavyosomwa.

Wa shule binafsi hana mkurugenzi wa halmashauri wa kumwandikia, ila ana shida nyingine. Tangu Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, anayefundisha anatakiwa awe amesajiliwa kama mwalimu au awe na leseni ya kufundisha, na Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018 imekaza zaidi suala la usajili. Wathibiti Ubora wa Shule wakifika wanaomba mafaili ya walimu. Meneja aliyekuajiri kwa sababu unajua Fizikia atakugeuka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye shahada isiyo ya elimu aombe kwa mwajiri barua mbili mapema: ya kumruhusu kusoma, na ya kueleza anafundisha somo gani na madarasa gani. Ya pili utaihitaji wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Milango yenyewe ni hii. Mwenye cheti au stashahada ambaye hataki kuacha kazi huangukia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo cha mkoa hapa Dodoma. Mwenye shahada ya somo husoma Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ile ambayo kila mtu anaiita PGDE. Vyuo vya ualimu vya ukanda wetu, Mpwapwa, Bustani kule Kondoa, Kinampanda upande wa Singida, ni vyuo vya kukaa bweni. Ukienda huko umeacha kituo cha kazi, na hiyo ni ruhusa ya aina nyingine. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kile cha Mtakatifu Yohana vina shahada za ualimu palepale mjini, ila mwenye vipindi vya asubuhi aangalie ratiba kabla ya kulipa chochote. Kuingia shahada kwa kidato cha sita kunataka principal pass (ufaulu wa alama A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4.0, na kwa stashahada kunataka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0. Aliyepungukiwa anaweza kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Chuo usichokiona kwenye orodha ya TCU (tume ya vyuo vikuu) wala ya NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi na stashahada) kiache, hata kama kina ofisi nzuri na kibao kikubwa.

Neno moja kwa wa PGDE: kozi hiyo inakupa mbinu, haikupi somo. Mwenye shahada ya rasilimali watu akimaliza atajua kuandaa somo vizuri sana, kisha ataulizwa: somo gani? Angalia masomo yaliyo kwenye transkripti yako, uyalinganishe na yanayofundishwa sekondari, ndipo ujisajili.

Jambo hili la kufunza mwalimu akiwa kazini si geni nchini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE kwa kifupi cha Kiingereza) ilihitaji walimu haraka kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kusomeshwa sehemu nyingine hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na redio. Mtaani UPE ikapewa tafsiri ya kejeli, Ualimu Pasipo Elimu. Kejeli hiyo haikuwatendea haki. Walikuwa na kitu ambacho wengi wetu leo hatuna: mratibu aliyekaa nyuma ya darasa akawatazama. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), kuanzia 2002, ukaja utaratibu wa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Halafu sekondari za kata zilipochipuka kwa wingi tukapata walimu wa mafunzo ya wiki chache, wakaitwa voda fasta. Wengi wao walikuja kusoma wakamaliza, na leo ndio wakuu wa shule wanaotia saini barua za wengine.

Sasa muda. Hapa watu hujidanganya, kwa hiyo tupige hesabu.

Shahada ya kwanza ni krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kusoma na kufanya kazi zote zikiwemo. Jumla saa 3,600. Ukitaka kumaliza kwa miaka mitatu ni saa 1,200 kwa mwaka, karibu saa 23 kila wiki, likizo zikiwemo. Upande wa pili una vipindi 26 vya dakika 40, yaani saa 17 na dakika 20 za kusimama. Darasa la wanafunzi 84, ukitumia dakika moja tu kwa kila daftari, ni saa moja na dakika 24. Madarasa matatu mara mbili kwa wiki ni saa nane na ushee. Hujaandaa somo, hujakaa kikao, hujawa zamu.

Nusu ya mwendo huo inawezekana. Saa 11 na nusu kwa wiki zinapatikana hivi: saa moja na nusu kila alfajiri Jumatatu hadi Ijumaa, tuseme saa 10 hadi saa 11:30, na saa nne za Jumamosi. Miaka sita badala ya mitatu. Inasikika ndefu, lakini anayejisajili kozi zote za mwaka kwa pamoja ndiye anayekutwa Juni na mitihani minne ya marudio. Jioni usiitegemee. Akili ya mtu aliyepaza sauti kutwa nzima kwenye vumbi la Dodoma inasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Wiki ya zamu ifute kabisa kwenye ratiba yako. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, Oktoba upimaji wa darasa la nne, Novemba kidato cha pili na cha nne, na ukichaguliwa kusimamia huna wiki mbili. Kuanzia Desemba mvua zinaanza, na mwalimu mwenye shamba la mtama au karanga anajua nani anakuwa bosi. Miezi ya kusoma kwa nguvu huku kwetu ni Februari, Mei, na likizo ya Juni hadi mwanzoni mwa Julai. Na kwa walio Chemba au pembezoni mwa Bahi, ambako mtandao unashika chini ya mbuyu mmoja tu, tabia inayosaidia ni kupakua kila kitu siku ya kwenda mjini kuchukua mshahara: moduli, maswali ya kazi, mihadhara ya sauti. Kazi ya kupima isitumwe siku ya mwisho. Mfumo ukizidiwa saa tano usiku, mbuyu hautasaidia.

Kuhusu ada, mtego ni mkopo wa benki. Makato yote hayaruhusiwi kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa mfano wa shilingi 720,000, lazima ibaki 240,000. Kama tayari unakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, hiyo ni 108,000 imeshakwenda kabla hujasema chochote. Kopa ada ya mwaka mmoja mmoja.

Tufike darasani, kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP kwa lugha ya vyuoni. Mwalimu aliye kazini hudhani hapa ndipo atakapopumzika. Nimefundisha miaka sita, nitashindwaje kupimwa wiki chache? Kumbe huyu ndiye anayepoteza alama kizembe, kwa sababu mkono wake umezoea njia za mkato. Anafundisha bila andalio la somo. Anaandika ubaoni huku mgongo ukiwa kwa wanafunzi. Anauliza "tumeelewana?" darasa linajibu "ndiyooo" na yeye anasonga mbele.

Chukua kipindi kimoja cha Hisabati, Darasa la Nne, kulinganisha sehemu. Wanafunzi 84, dakika 40. Kosa la kwanza liko kwenye lengo. Walimu wengi huandika "mwanafunzi aelewe sehemu". Msimamizi, yule anayetumwa na chuo kukupima, atakuuliza utajuaje kama ameelewa. Andika: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kupanga 1/2, 1/3 na 1/4 kuanzia ndogo hadi kubwa na kueleza kwa nini. Hilo unaweza kuliona kwa macho na kulihesabu.

Zana: karatasi za ndani za mfuko wa saruji, safi na ngumu. Kata tepe za sentimita 24, kwa sababu 24 inagawanyika kwa 2, 3 na 4 bila mabaki. Wanafunzi 84 ni vikundi 14 vya watu sita, kila kikundi tepe nne: mmoja mzima, mmoja wa nusu, mmoja wa theluthi, mmoja wa robo. Jumla tepe 56, zikatwe usiku uliotangulia. Mistari ya nusu na robo watoto wanaipata wenyewe kwa kukunja. Theluthi hawawezi, ukiwaachia wakunje mara tatu utapata vipande vitatu vya ukubwa tofauti na mjadala wa dakika kumi ambao hukuupanga. Pima wewe, weka alama kwenye sentimita 8 na 16.

Utangulizi dakika 5. Usianze na ubao, anza na duka. Mama amekutuma sukari, umerudi na robo kilo badala ya nusu, atasemaje? Watoto wa Dodoma wanaijua robo na nusu tangu hawajaanza shule, na wanajua ipi ni nyepesi. Theluthi hawaijui, haiuzwi dukani. Hapo ndipo somo linapoanza. Dakika 15 za maarifa mapya ni vikundi vikipanga tepe sambamba. Dakika 12 za kuimarisha ni kila mtoto kwenye daftari lake, maswali manne. Dakika 5 za tafakuri, na 3 za hitimisho.

Kinachoharibika ni kugawa vifaa. Ukizunguka mwenyewe kwa vikundi 14 umemaliza dakika saba na darasa limeshawaka moto. Wape viongozi wa vikundi tepe zao kabla ya kengele, zimefungwa kwa uzi. Kitu cha pili kitakachoharibika kinatabirika: theluthi nzima ya darasa itasema 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Wanasoma asili, ile namba ya chini, kama namba inayojitegemea na ukubwa wa kipande hawauoni. Usiwakatize. Waambie waweke utepe wa robo juu ya utepe wa theluthi, halafu nyamaza.

Mwisho wa andalio kuna nafasi ya tathmini, na hapa ndipo msimamizi anapojua kama ulifundisha au ulijaza fomu. "Somo lilieleweka vizuri" imeandikwa kwenye maandalio ya nchi hii mara nyingi kuliko salamu. Tathmini yenye maana inasomeka hivi: kati ya 84, 51 walipanga sawa, 33 walitanguliza 1/3 kabla ya 1/4 kwa kulinganisha asili peke yake, kesho hao 33 wataanza na tepe zilezile kabla ya zoezi jipya. Mistari miwili. Ikiambatana na shajara ya somo iliyojazwa siku hiyohiyo kwa wino uleule, hakuna msimamizi atakayekusumbua. Muundo wa andalio umebadilika na mtaala ulioanza 2024 na majina ya hatua si yaleyale, kwa hiyo tumia unaotumika shuleni kwako mwaka huu, usinakili wa mwenzako wa 2019. Hesabu ya dakika na tathmini ya kweli havijabadilika.

Kufanyia BTP kwenye shule yako mwenyewe kuna raha yake na hatari yake. Wanafunzi wako wameshajua kukuokoa. Wanajua ukigeuka hivi unataka jibu lipi, na wale wanne wa mbele watajibu maswali yote. Omba mkondo ambao hukuuzoea kwa angalau nusu ya vipindi. Siku ya msimamizi, mwelekeze vizuri kwa simu: anashukia wapi kwenye lami, bodaboda ni shilingi ngapi, korongo lipi halipitiki baada ya mvua. Msimamizi aliyetembea kilomita nne kwenye jua anakaa nyuma ya darasa akiwa na hasira, na hasira hiyo haina safu yake kwenye fomu lakini utaiona.

Usingoje yeye ndiye awe mtu wa kwanza kukutazama. Mwombe mwalimu wa taaluma, au yeyote anayekubali kusema ukweli, akae nyuma kipindi kimoja kila wiki mbili. Asiandike maoni. Mpe karatasi yenye mchoro wa madawati na kazi tatu za kuhesabu: aweke alama kwenye kila dawati uliloliuliza swali, ahesabu sekunde unazosubiri baada ya kuuliza kabla hujajibu mwenyewe au kumtaja mwingine, aandike dakika ambayo mwanafunzi wa kwanza aliandika kitu daftarini. Walimu wengi husubiri sekunde moja. Jaribu nne, uone mikono ya nyuma inavyoanza kuinuka. Mchoro nao huonyesha jangwa, mara nyingi upande wa dirishani, ambako mwezi mzima hujauliza mtu. Vikao vya Jumuiya za Ujifunzaji chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ni mahali pazuri pa kupeleka karatasi hizi. MEWAKA yenyewe haikupandishi daraja, lakini ndiko utapata mwenzako wa kukutazama bila kumbembeleza.

Ukimaliza, usisubiri mahafali. Chukua transkripti na cheti mara vinapotoka, na angalia jina herufi kwa herufi. Mpangilio wa majina ukitofautiana na wa cheti cha kidato cha nne, tengeneza hati ya kiapo mapema. Kabla ya kuomba kubadilishiwa muundo, mwulize afisa utumishi utaingizwa kwenye cheo gani: mwenye cheti aliyepanda madaraja kwa miaka mingi anaweza kukuta muundo mpya unamwanzishia chini ya alipofika, na ni vizuri ajue kabla ya kutia saini. Barua iende ikiwa na ruhusa ya masomo, transkripti, cheti, barua ya ajira na ya kuthibitishwa. Iende mapema, kabla halmashauri haijafunga bajeti ya mishahara ya mwaka unaoanza Julai. Ikiingia baada ya hapo unasubiri mwaka mwingine. Kwa anayetoka shule binafsi kwenda serikalini, vyeti hivyohivyo vinapanda kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili.

Nakala zako zihifadhi kwenye faili la plastiki, juu ya kabati, mbali na ukuta. Nyumba nyingi za walimu vijijini zina mchwa, na mchwa huanza na karatasi zilizogusa ukuta.